Mwaka Mmoja wa Ukuruta

Nikitaja tu kwamba niliwahi kukaa kambini JKU, swali linalofuata nalijua: "Kwa hiyo ulipata ajira?" Nikishajibu, mazungumzo yamekwisha, tunahamia kwenye bei ya sukari. Hakuna anayeuliza tulilala saa ngapi, tulikula nini, nani alikuwa akikoroma, nani alikuwa akilia usiku akidhani wenzake tumelala. Kana kwamba mwaka mzima wa ujana haukuwa maisha, ulikuwa kungoja tu. Basi leo naandika hayo yasiyoulizwa. La ajira nitalifikia, lakini mwisho, na kwa ufupi.

Kwa wasomaji wa Bara, maana najua mnachanganya: nyinyi mna JKT, iliyoanza 1963, sisi tuna JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, lililoanzishwa 1977. Ni miongoni mwa Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), pamoja na KMKM, yaani Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, Chuo cha Mafunzo, ambacho kwenu ni magereza, Zimamoto na Uokozi, na Kikosi cha Valantia. Makao yake makuu yapo Saateni, Unguja. Kama wewe ni mtu wa mpira, hizo zote unazijua kwa jezi zao, kwa sababu Ligi Kuu ya Zanzibar imejaa timu za vikosi, na timu ya mtaani ikiwafunga, mtaa mzima haulali. Kambi zipo Unguja na Pemba. Yetu sitaitaja, maana niliokaa nao baadhi yao bado wapo kazini na hawakuniomba niwaandike.

Mimi natokea kaskazini ya Pemba, kijiji cha jirani na Konde. Baba alikubali upesi; kwake jeshi ni nidhamu na nidhamu ni mshahara. Mama ndiye aliyegoma, na sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni bahari.

"Mama, meli ya mchana hii."

"Nungwi ni Nungwi tu, mchana na usiku."

Sikumjibu. Tangu meli ya MV Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa safarini kuja Pemba, kwetu si rahisi kumpata mtu asiyekuwa na jina la kukumbuka. Sababu ya pili ilikuwa suruali. Amesikia kuwa watoto wa kike wanakimbizwa alfajiri barabarani wamevaa suruali, na watu wanawatazama. Hilo alilimaliza bibi, aliyekuwa kakaa ukumbini akichambua mchele, hata kichwa hakuinua. "Mie nimejifunga kibwebwe mashambani umri wangu wote na hakuna aliyenikodolea macho. Suruali si nguo? Mwache mtoto ende."

Nikaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, kuchukua barua.

Kombania yetu ilikuwa na platuni tatu, kila platuni ikagawika seksheni. Kwenye karatasi mambo ni mepesi namna hiyo. Kwenye bweni la wasichana mambo yalikuwa mengine. Kitanda cha jirani yangu alilala binti wa kisiwa cha Tumbatu ambaye wiki za mwanzo hakupata usingizi kwa sababu, alisema, pale hapasikiki maji. Aliyemfuata ni msichana wa Mjini, kakulia Kikwajuni, ambaye hajawahi kujitwisha ndoo kichwani na aliyekuja na mafuta ya nywele ya kutosha kufungua duka. Pembeni ya mlango walikaa wawili wa Makunduchi ambao wakitaka tusijue wanachosema, walirudi kwenye lahaja yao, na sisi tukabaki kutoa macho. Sisi wa Pemba tulichekwa kwa kuvuta maneno, tukawacheka wao kwa kutojua kukuna nazi bila kujikata.

Watu hudhani shida ya kambi ni mbio. Mbio si kitu. Mchakamchaka unaanza kabla jua halijatoka, baridi ipo, kuna nyimbo, na ukiwa katikati ya kundi miguu inakwenda yenyewe. Shida ni kusimama. Unaambiwa "mguu sawa!" halafu hakuna linalofuata. Sisimizi anapanda mguuni, anapita goti, unamhesabia safari yake yote na huruhusiwi hata kukunja uso. Wapo walioanguka chini kama walivyo, puu, bila kuweka hata mkono. Afande akatufundisha siri: usikaze magoti, na chezesha vidole vya miguu ndani ya buti, damu itembee, hakuna atakayeona. Mpaka leo nikisimama foleni ya benki huchezesha vidole.

Halafu kwata. Tulidhani kutembea tunajua. Mkufunzi wetu, mtu wa makamo mwenye sauti iliyokwaruzika, alikuwa na kijiti chake cha kupimia hatua, vijiti viwili vilivyoungwa juu, vikifunguka vinakomea inchi 30. Huo ndio urefu wa hatua ya gwaride, kisigino hadi kisigino, uwe mrefu wa kugonga dari au mfupi kama mimi. Mimi inchi 30 naziruka. Mvua ikinyesha afande alifurahi kwelikweli, maana nyayo zinabaki kwenye udongo, anazifuata moja moja na kijiti chake, hasemi neno. Anafika kwenye nyayo zangu. Anapima. Anapima tena. "Wewe wa Konde, hapa ulikuwa unakwenda gwaride au unakwenda kuteka maji?" Alisema hivyo mbele ya platuni nzima, na jina la Mteka Maji likanigandia hadi siku ya mwisho.

Lakini alikuwa mwalimu. Alitufanya tutembee tumefumba macho, tukisikiliza buti za wenzetu, mpaka tukaacha kuhesabu. Iko siku, sijui ilikuwa mwezi gani, tulipiga hatua kombania nzima na mlio ukawa mmoja. Mmoja kabisa. Tukasikia sote. Nilimwona binti wa Kikwajuni mbele yangu nywele za shingoni zimemsimama. Afande naye akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Haya, msijisifu, nyuma geuka."

Chakula. Mzanzibari na sembe wanafahamiana kwa mbali. Nyumbani kwetu tulikula ugali tukipenda, na tukipenda ilikuwa si mara nyingi. Kambini hupendi wala huchukii, unakula. Asubuhi uji, mchana dona na maharage, usiku tena. Wali Ijumaa. Ukiwa na fatiki, yaani zamu ya kazi, ya jikoni unaamka kabla ya wote kuwasha moto, na kuni za mvua ya masika zinatoa moshi mpaka unalia kamasi. Ugali wa kombania unasongwa na watu wawili waliosimama, mwiko mrefu kama kasia. Mwanzo unga unazunguka vizuri. Ukianza kukaza, mwiko unakataa, hapo unauegemea kwa tumbo na mwenzako anausukuma kutoka upande wa pili, na anayeachia mapema anamwangushia mwenziwe uzito wote. Nilipata malengelenge viganjani, yakapasuka, yakawa magumu. Mama aliponishika mkono siku ya kurudi alikigeuza kiganja, akakitazama, asiseme kitu.

Zawadi ya fatiki ya jikoni ni ukoko. Siku ya wali wa Ijumaa, ukoko wa sufuria lile uliuzwa kwa sabuni, kwa zamu ya kufagia, hata kwa siri za watu.

Sasa nije bondeni, maana huko ndiko kombania yetu ilikogeuka juu chini.

Jeshi lenyewe lina neno uchumi kwenye jina lake, na kwetu uchumi ulikuwa matope. Zanzibar hula wali harusini, wali kwenye maulidi, wali msibani, na mchele mwingi tunaokula unakuja kwa meli. Ndiyo maana mabonde kama Cheju, huko Wilaya ya Kati, yanasemwa sana kwenye hotuba. Sisi tulipelekwa bonde dogo lisilosemwa popote. Masika yamekolea, maji ya magotini, tumepangwa mstari, kila mmoja na fungu lake la miche, tunapandikiza tukirudi nyuma.

Binti wa Kikwajuni, ambaye kwenye kwata alikuwa nyota, mwenye mguu wa kupanda mpaka afande anamwonyesha kwa wengine, aliingia bondeni akatoka mbio anapiga mayowe: ruba kwenye shavu la mguu. Alimvuta kwa vidole, ruba akavutika, hakutoka. Mmoja wa wale wawili wa Makunduchi akaja taratibu na chumvi kidogo ya jikoni aliyoifunga kwenye pembe ya fulana, akamnyunyizia, ruba akaanguka. "Umezoea lami, shoga," akamwambia, na akamrudisha kwenye maji kamshika mkono.

Kuanzia siku hiyo cheo kilihama. Uwanjani walitawala wa Mjini, waliokwenda skuli zenye bendi na walioona magwaride tangu wadogo. Bondeni tulitawala sisi wa shamba. Bwana shamba alikuwa akituuliza sisi mstari uanzie wapi maji yakiwa yanateremka upande fulani, na afande wa kijiti, mwenye inchi zake 30, alivua buti akaingia nasi, akaulizia nafasi ya mche na mche, akawa mwanafunzi. Sijawahi kumheshimu kama nilivyomheshimu siku hiyo akiwa na suruali imekunjwa magotini, akipanda vibaya, tukimrekebisha, naye akisema "sawa" bila kununa.

Mpunga ukishaanza kujaza, kazi ni kuamia ndege. Unatumwa bondeni kabla ya alfajiri, kwa sababu ndege wanakula asubuhi na jioni, mchana wamejificha. Tulifunga makopo kwenye kamba ndefu kutoka kona hadi kona. Unakaa kibandani unavuta kamba, makopo yanalia bonde zima. Kazi nyepesi kuliko zote kambini na yenye upweke kuliko zote. Huko ndiko nilikokuwa nikimwandikia bibi barua kichwani, nikimweleza kila kitu, na kwenye simu ya Jumapili, nikipewa dakika zangu, nikamwambia tu "hatujambo".

Kuvuna tulivuna kwa mundu, unakamata fungu zima la mabua unakata. Bibi yangu huvuna kwa kisu kidogo, suke kwa suke, kwa sababu mpunga wake hauivi pamoja. Nilipomweleza jinsi tulivyofyeka bonde zima kwa siku chache aliniuliza mabichi tuliyafanya nini. Sikuwa na jibu. Nadhani yaliingia gunia moja na mabivu.

Ramadhani ilituangukia tukiwa tushazoeana. Mazoezi mazito yalisogezwa asubuhi, halafu mchana kombania inapoa, watu wanafua, wanapiga pasi za makaa, wanasoma. Filimbi ya daku ndiyo filimbi pekee mwaka mzima ambayo hakuna aliyeichukia. Futari ilikuwa tende, uji wenye pilipili manga, muhogo wa nazi siku nyingine, na kila bweni lilitaka liwe na mpishi wake, kila mpishi kwao wanajua zaidi. Tarawehe tulisalia kwenye majamvi uwanjani, palepale penye chokaa ya mistari ya kwata. Tulikuwa na mwenzetu mmoja Mkristo. Hakuna aliyemwambia afunge, lakini alikuwa akila chakula chake cha mchana nyuma ya ghala, haraka haraka, halafu jioni anakuja kufuturu na sisi, na akiulizwa anasema uji wa pilipili manga si wa kukosa.

Ndani ya mwezi huohuo baba wa binti wa Tumbatu alifariki. Habari ilikuja baada ya tarawehe. Afande wa zamu hakumwita kwenye paredi. Alimtuma matroni bweni, na matroni hakusema neno, alikaa tu kitandani kwake akamshika. Tulijua sote. Boti ya kuvuka Mkokotoni ni ya asubuhi, kwa hiyo ilibidi usiku ule aupitishe na sisi. Tulikusanya tulichonacho, noti zilizokunjwa kwenye ncha za kanga, tukasoma khitma mpaka daku. Wale wa Makunduchi ndio waliokuwa na sauti nzuri. Alirudi baada ya siku zake za ruhusa, akaingia mstarini, na afande akampa nafasi ya kuongoza nyimbo za mchakamchaka kwa wiki nzima, jambo ambalo mwanzo niliona ni ukatili. Aliimba. Kufikia Ijumaa alikuwa anaimba kwa sauti kuliko sisi wote.

Lindo nalo lina mambo yake. Mnakaa wawili wawili, rungu na tochi, na neno la siri la usiku huo. Lindo la ghala lilikuwa chini ya mbuyu mkubwa, na sisi ni watoto wa visiwa ambavyo mama zetu wanakumbuka mwaka 1995, jini Popobawa alipowatoa watu ndani wakalala nje makundi makundi. Msiniambie nisiuogope mbuyu. Usiku mmoja, zamu yangu na binti wa Kikwajuni, tukasikia mtoto mchanga analia juu ya mti. Analia, ananyamaza, analia. Mwenzangu akakamata rungu kwa mikono miwili, akapaza sauti yake ile ya kwata: "Simama! Nani wewe?" Kikalia tena. "Neno la siri!" Nikamulika tochi, macho mawili mekundu yakawaka kwenye tawi, komba huyo, ananitazama kwa mshangao. Tulicheka mpaka tukakaa chini, na afande wa zamu akatukuta tumekaa. Adhabu yake ilikuwa kubeba maji ya jikoni wiki nzima. Mteka Maji nikalipata jina langu kwa haki.

Tarehe 12 Januari, kombania yetu haikuwamo uwanjani kwenye sherehe za Mapinduzi. Tulitazama gwaride mesi, ukumbi wetu wa kulia, kwenye televisheni moja, na sijapata kuona watazamaji wakali namna ile. "Huyo wa tatu kachelewa mkono!" "Tazama pembe hiyo imepinda!" Wenye nyota mabegani walikosolewa na makuruta wenye sahani za uji mkononi.

Haya, ajira. Majina hubandikwa kwenye ubao nje ya ofisi. Miezi ya mwisho kila mtu aliishi kwa ajili ya ule ubao; akipita gari ngeni getini, mabweni yote yanatoa vichwa madirishani. Na hapa nasema langu, anayekasirika na akasirike: ubao ule ulitupunguzia utu. Watu waliokuwa wakigawana sabuni moja vipande wakaanza kufichana habari. Kuna aliyejua tarehe ya usaili akanyamaza, na mwenziwe wa kitanda cha juu akaikosa. Silaumu jeshi kwa hilo. Tulilileta sisi kutoka majumbani, kwenye mabegi, pamoja na chandarua, kwa sababu hakuna aliyeagwa kwao kwa kuambiwa "kaishi vizuri". Sote tuliagwa kwa "usirudi mikono mitupu". Na bonde lile tulilolipanda kwa mikono yetu, hakuna aliyelihesabu kuwa ni kitu alichopata.

Binti wa Tumbatu yupo KMKM, baharini, kwenye maji anayoyasikia. Mmoja wa Makunduchi yupo Zimamoto. Mwenziwe kaolewa na analima mboga, na hivi karibuni alinipigia kuniuliza bei ya mbegu za pilipili boga Wete. Wa Kikwajuni alikwenda polisi, akaacha, anauza vipodozi mtandaoni, na ukiangalia anavyosimama kwenye picha zake utajua amepita wapi. Jina langu halikutoka. Nilirudi Konde, nafundisha kushona, na nina kishamba cha mpunga navuna kwa mundu na bibi ananisimamia pembeni akilalamikia mabichi.

Mdogo wangu ameomba mwaka huu, jina lake limo kwenye usaili, na mama safari hii hajagoma wala hajaitaja Nungwi. Juzi aliniuliza abebe nini. Nimemwambia ndoo yenye mfuniko, kufuli mbili kwa sababu moja itapotea, soksi za pamba nyingi kuliko anavyodhani zinatosha, na chumvi kidogo aifunge kwenye mfuko wa nailoni. Akauliza chumvi ya nini. Nikamwambia ataniambia mwenyewe masika yakifika.